Chokaa ya Kumpokea Profesa

Profesa wetu wa uchoraji alitundika picha zake kwenye bwalo la chakula la chuo kikuu, Dar es Salaam, tukawa tunakula ugali chini ya watu wasio na pua. Hapo chuoni hakuna aliyekuwa ameona mambo hayo. Wenzangu wa uchumi waliuliza kama picha zilikuwa zimegeuzwa juu chini. Mhadhiri mmoja alisema nchi inajenga Ujamaa, haina nafasi ya vichaa. Profesa alicheka, akaongeza nyingine.

Darasani alitukataza kuiga picha za vitabuni. Alisema tuchore vitu tulivyokua navyo. Mimi nilichora ukuta wa mama.

Kwetu ni Zombo, upande wa njia ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Kila Idi ikikaribia, mama aliikandika upya nyumba yetu ya miti na udongo, na kabla ukuta haujakauka aliuchora kwa vidole, kwa udongo mwekundu, majivu, na udongo mweupe wa mtoni. Hakuna aliyemfundisha, na sikumbuki aliyemsifu. Profesa aliutazama mchoro wangu mpaka nikaona haya. Akautundika bwaloni katikati ya picha zake, halafu akatangaza kwamba likizo ile tungekwenda kuuona ukuta wenyewe. Alitaka kuupiga picha, awaonyeshe wakubwa wa chuo kwamba sanaa hii haikushuka na ndege kutoka ng'ambo.

Nilituma salamu nyumbani kwamba nakuja na profesa. Sikusema anafuata nini. Ningeanzaje kueleza kwamba mtu mzima, msomi, anafunga safari kutoka Dar kuja kutazama ukuta?

Tulikwenda na lori la chuo, tukanywa chai Mikumi, tukafika kwetu vumbi tupu. Nyumba ilikuwa nyeupe pe, kama zahanati. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametoa chokaa iliyobaki ofisini kwake, na mama na majirani zake wakaipaka nyumba nzima. Mgeni mzito kama yule hapokelewi kwenye nyumba yenye alama za vidole.

Mama alitoka na kanga mpya, akainama kidogo.

"Shikamoo mwalimu," alisema, ingawa nadhani kwa umri yeye ndiye aliyekuwa mkubwa.

Profesa alibabaika. "Marahaba, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Karibuni, wanangu. Mtatusamehe, tumejitahidi hivyo hivyo."

Wenzangu walinigeukia mimi. Masikio yaliniwaka. Profesa alikuwa ameshaishika kamera. Akairudisha taratibu kwenye mkoba.

"Mama, nyumba imependeza sana," alisema. "Inang'aa."

Sijawahi kumwona mama amefurahi vile. Alituchinjia kuku, tukala wali, tukasifu kila kitu. Ndani ya lori, tukirudi, profesa aliniuliza, "Ningemwambiaje?" Nilimwonea aibu yeye, nikamwonea aibu mama, na mimi mwenyewe nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu hapo, kila Idi mama alipaka chokaa. Likizo moja nilimwomba achore kidogo tu, hata kule nyuma jikoni. Akanicheka.

"Profesa mzima kaisifu, wewe nani?"

Nilipohitimu, mama alikuja Dar. Profesa alikuwa ameshapewa chumba cha maonyesho, na mchoro wangu ndio uliokuwa wa kwanza ukiingia mlangoni. Yeye mwenyewe alimwongoza mama, wahadhiri wakifuata nyuma, wengine wao wale wale waliokuwa wakimcheka profesa.

"Huu ndio ukuta wako, mama," alisema, uso umemchangamka. "Tuliutundika bwaloni kabla hata hatujaja kwako."

Mama aliutazama mchoro, akamtazama profesa na wenzangu waliokuja Zombo, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha akanivuta mkono, akaninong'oneza.

"Kumbe walishauona hivi? Halafu wakaja wakala kwangu, wakanisifia chokaa?"

Profesa alikuwa bado amesimama pale, anatabasamu, anangoja mama aseme neno.