Mchungaji Naye Kafiwa

Jumapili hii huku Mwika, ibada imeisha, tuko nje kwenye mnada wa sadaka. Mchungaji wetu, aliyemzika mama yake juzi tu, ananadi mkungu wa ndizi, sauti imemkauka. Mzee mmoja wa kanisa akanung'unika: "Mchungaji, mahubiri ya leo mafupi mno!"

"Nisamehe, baba."

Jamani! Nilicheka kwa hasira mpaka kuku wa sadaka wakashtuka.

"Mzee, ulipofiwa wewe nani alikuja kukuombea kila jioni?"

"Si ni mchungaji huyuhuyu."

"Na kwake umepeleka hata bakuli la mtori wa ndizi?"

Kumbe hata mimi sijapeleka! Nikaununua ule mkungu, nikamtwika mzee kichwani.

"Twende kwake. Leo utaomba wewe, na usithubutu kufupisha!"