Bariere na Kilio cha Mbali

Habari ya kifo chake ilinikuta nikisoma ujumbe mwingine kwenye simu. Ujumbe huo ulitoka kwa mkurugenzi wetu aliye Kinshasa. Ulisema kwamba kwa sababu ya ugonjwa uliozuka upande wa Lubutu, safari zote za kikazi zimesimamishwa, na mfanyakazi atakayekwenda huko kwa shughuli yake mwenyewe asirudi ofisini mpaka aruhusiwe. Sijamaliza kuusoma, binti wa marehemu akapiga. Baba yake amefariki Obokote, huko huko upande wa Lubutu, si kwa ugonjwa huo bali kwa presha iliyomsumbua miaka mingi. Nikauliza lile swali la kijinga tunalouliza sote, kama alisumbuka, akanijibu hapana, alikuwa ameketi anachambua mchele. Kisha, akiniheshimu kama rika la baba yake, akasema, “Papa, tunakungoja.” Wasomaji wangu, niseme ukweli: simu ilipokatika nilikuwa tayari nimeshafikiria nitaazima pikipiki kwa nani, na nitamdanganya mkurugenzi vipi.

Wenye umri wangu hapa Kindu watamjua nikisema tu Bariere. Wakati wa vita bariere zilikuwa kila mahali: kamba imefungwa kati ya miti miwili, na kando yake kijana mwenye bunduki anakuuliza umebeba nini na unamwachia nini. Katika ofisi yetu ya wakati huo kamba hiyo ilikuwa yeye. Tulifanya kazi katika shirika dogo la kutengeneza chemchemi za maji, shirika ambalo limeshakufa na hata kibao chake sijui kiliishia jikoni kwa nani. Mimi nilizunguka vijijini kuhimiza watu wachemshe maji, naye alikuwa mkubwa wa utawala, ndiye aliyetia sahihi kila ruhusa ya safari. Kipindupindu kilipoanza kuvila vijiji vya njia ya Kibombo na vile vya njia ya Kama, alituita uani akasema kwamba kuanzia siku ile hakuna atakayesafiri, awe na kazi ama hana, na atakayetoka asirudi kati yetu mpaka ugonjwa uishe. Tulinung'unika. Sisi tuliokuwa na kazi ya kupambana na ugonjwa tufungiwe kwa sababu ya ugonjwa! Jina la Bariere alilipata alasiri ile ile.

Nikiukumbuka mji wa siku zile moyo hunilegea, ingawa najua haukuwa mji wa kutamaniwa. Treni ilikuwa haiji, na akina mama walianika mihogo juu ya reli bila kugeuza kichwa. Chumvi na sabuni zilikuja kwa baiskeli, wanaume wakizisukuma msituni kwa majuma. Sukari ilikuwa ya wagonjwa na ya wafiwa tu. Habari za ndugu walio mbali tulizipata katika kibanda cha foni, ile redio ambayo wewe unasema, unangoja, kisha mwenzako anasema, na foleni nzima nyuma yako inasikiliza mambo ya nyumbani kwenu. Tulikuwa maskini wa kila kitu isipokuwa watu. Ukiugua, ua lilijaa. Ukifiwa, hukuwa na nafasi hata ya kulia peke yako.

Ni kwa mlango huo huo wa kufiwa ndipo tulipojaribu kumpita Bariere. Tulijua hakuna mkubwa wa kazi nchini mwetu anayethubutu kumnyima mtu ruhusa ya kilio, yaani ya kwenda matangani. Basi wajomba na mashangazi wa wafanyakazi wakaanza kufa. Vita havikuwagusa, kipindupindu hakikuwagusa, likawaua katazo la safari. Mtunza stoo wetu ndiye aliyetangulia. Alikuwa na kabiashara kake ka kuwapelekea sabuni wachimba dhahabu wa Kama, akaja asubuhi na uso wa majonzi kusema mjomba wake wa huko amefariki. Bariere akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Pole sana, ndugu. Kule Kama hautaenda. Lakini kilio njo yako, na tutaikaa hapa.” Kwamba kilio ni chake na tutakikaa pale, tulidhani ni maneno ya faraja tu. Kumbe alasiri alifika nyumbani kwa mtunza stoo na turubai la ofisi, viti, mfuko wa kahawa na sukari, sukari ya kweli, na nyuma yake sisi sote.

Masikini, mtunza stoo alikuwa hajamwambia mkewe. Mama yule alipoona viti vinateremshwa aliuliza ni nani, akaambiwa ni mjomba, na hapo akapiga ukelele uliowatoa majirani wa mitaa mitatu. Mjomba huyo ndiye aliyewasimamia ndoa yao wazazi walipokataa. Alilia kilio cha haki. Wazee wakaja, mwalimu wa kanisa akaja akasali, na mtunza stoo akaketi katikati ya mkeka akipewa pole, hawezi kusema kweli, hawezi kuinuka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ilikuwa fupi kupita kiasi, maana msafara wa baiskeli kutoka Kama ulifika kilio kikiwa bado kimekaa, na ndani yake alikuwamo mjomba mwenyewe, mzima, akishangaa kwa nini watu wanamkimbia. Mkewe mtunza stoo hakumsemesha mumewe mpaka mbuzi wa kumtuliza mjomba alipochinjwa. Bariere alikunywa kahawa yake taratibu, akasema, “Mjomba wako njo muntu wa kwanza kufufuka mu Kama.” Tangu siku hiyo ndugu zetu wote wakarudiwa na afya.

Baadaye nilimuuliza aliipata wapi akili ile, nikidhani alikusudia kututega. Alishangaa. Kwake haukuwa mtego. Yeye alizaliwa hapa Kindu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, lakini baba yake alitoka Kasai, na watu wa kambi ile wote walitoka mbali. Habari ya msiba iliwafikia kwa treni, maiti imeshazikwa zamani, na kazi haikumwacha mtu aende. Basi aliyefiwa Kasai au Katanga alitandika mkeka Kindu, na kambi nzima ikaja kukaa naye kana kwamba jeneza liko ndani. Baba yake alimlilia mama yake mzazi namna hiyo. Kwa Bariere, kumkatalia mtu njia na kukaa kilio chake lilikuwa jambo moja. Hakujua lile la kwanza bila la pili.

Lakini si kila kilio kilikuwa cha kuchekesha. Dereva wetu wa pikipiki, Mwislamu wa upande wa Kibombo, aliitwa kwenye foni akaambiwa mama yake anaharisha na kutapika, na hali ni mbaya. Alikuja mbio ofisini. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mfukoni mwa Bariere. Nilikuwapo. “Mama iko anakufa, chef, mukubwa wangu. Nimuone tu, nirudi.” Bariere aliufunika mfuko kwa mkono. “Ukienda utamuona,” akasema. “Na ukirudi, utatuletea ugonjwa. Pikipiki haitatoka. Unichukie tu, ninakubali.” Dereva angeweza kwenda kwa miguu na kuiacha kazi, ila kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba ya watu wengi wakati ambapo mji mzima ulikuwa na mishahara ya kuhesabika kwa vidole. Akabaki. Mama akafa, akazikwa siku ile ile kama dini yao inavyotaka, na mwanawe hayupo.

Bariere alikwenda kwake na mkeka. Hakupokewa. Dereva alimpa mgongo, na wageni tukaona aibu. Lakini Bariere alikaa tu. Alilala pale, asubuhi akaenda kazini, jioni akarudi, mpaka kilio kikaisha, na katika siku zote hizo mfiwa hakumwambia neno. Jioni moja mvua ilishuka kwa ghafla, ikaanza kumpiga pale alipoketi ukingoni mwa baraza. Dereva akainuka, akauvuta mkeka wa Bariere ndani kidogo, akarudi kukaa mahali pake bila kumtazama. Basi. Hawakupatana. Hakuna aliyeugua ofisini kwetu msimu ule, lakini nani ajuaye kama angeugua iwapo dereva angekwenda? Hilo ndilo jambo chungu la kuzuia: ukifaulu, huna cha kuonyesha, na aliyezuiwa anabaki na kaburi ambalo hakulitupia udongo.

Nimeyafikiria haya juma hili nikilinganisha na leo. Leo katazo linashuka kwenye simu, lina muhuri na maneno mazuri, na limetoka kwa mtu ambaye hajui nyumba yangu iko upande gani wa mto. Silikatai. Nimeona maradhi yakisafiri kwa wema wa watu, kwa mkono wa pole, kwa sahani moja, kwa mgeni aliyekuja kuosha maiti. Katazo ni la haki. Linaloniuma ni kwamba linafika peke yake. Zamani lilifika likiwa na viti na kahawa.

Nilikwenda basi kwa yule dereva. Sasa ni mzee, ana pikipiki kadhaa anazozikodisha pale mtaa wa Kasuku, hapa hapa Kindu. Nilimweleza yote: kifo, binti anayengoja, ujumbe wa mkurugenzi. Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na ufunguo akauweka juu ya meza. “Mimi si Bariere, sitakukataza,” akasema. “Lakini ukirudi, usipite hapa. Niko na wajukuu.”

Niliutazama ule ufunguo, kisha nikauacha mezani. Nikampigia binti nikamwambia sitafika, tutakaa kilio hapa Kasuku, nyumbani kwa mdogo wa marehemu. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hakuona kuwa ni sawa. Sina la kujitetea mbele yake. Kwa mkurugenzi niliandika kwamba nimetii, na kwamba kama angekuwa karibu ningemkaribisha kwenye mkeka. Ameusoma ujumbe wangu. Jibu bado.

Jioni dereva alitukuta Kasuku, mkeka wake kwapani. Watu walishtuka, maana habari yake na Bariere inajulikana. Nilimsogelea nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hatimaye amemsamehe. “Ile ya mama yangu? Sijamusamehe, hata leo,” akasema, huku akitandika. “Lakini alilala kwa kilio yangu. Nitalala kwa yake.” Akavua viatu, akaketi.

Ninyi mnaofunga njia za wenzenu, zifungeni, kwa maana ugonjwa hauna huruma na mtu mpole. Ila mkishafunga, ulizeni ni nani kati ya mliowazuia amefiwa, mwende mkakae naye. Pengine hamtasamehewa. Lakini siku yenu ikifika, mtu atakuja.