Siku Verlin Kuhlmann Alipolipita Jeneza

Kama hujawahi kukaripiwa na Verlin Kuhlmann, basi hujawahi kupita mji wetu wa Haskett ukiwa na haraka. Kila msafara wa mazishi ulipotoka kanisani, yeye alikuwa kona ya mahakama, mrefu, mkavu, kofia mkononi. Hakujali marehemu ni nani. Awe mwenye benki au mlevi aliyefia korokoroni, Verlin alisimama wima mpaka gari la mwisho lipotelee kwenye barabara ya makaburini. Hapa kwetu msafara ukija unaweka gari pembeni, unazima redio, unangoja. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ilitosha kwamba Verlin yupo.

Mwaka fulani dereva wa lori la soda, mgeni asiyejua mila zetu, aliupita msafara. Verlin alimfukuza kwa pikapu yake mpaka kituo cha mafuta, akamrudisha makaburini, akamsimamisha mbele ya wafiwa aombe radhi. Yule dereva alitokwa na machozi. Niliona Verlin amezidisha, na nilimwambia hivyo huku nikimmiminia kahawa, maana mkahawa ulio mkabala na mahakama ni wangu na mle ndani nasema nitakalo. Akanijibu kwamba maiti anaaga mara moja tu, na sisi tulio hai hatukosi dakika za kumpa.

Alizaliwa shambani, kaskazini ya mji. Akaenda jeshini, akarudi, akaendesha greda la kaunti akisawazisha barabara za vumbi mpaka alipostaafu. Mkewe Ione alifariki zamani na hawakujaliwa watoto. Kutoka jeshini alileta kitu kimoja tu cha maana, nacho ni tarumbeta. Kila aliyewahi kuwa askari akizikwa kaunti hii, Verlin alimpulizia pale kaburini. Watu husema hata ng'ombe waliacha kutafuna wakimsikia. Huo ni uongo, ng'ombe hawaachi kutafuna kwa ajili ya yeyote, lakini mimi nililia kila mara, na mimi si mtu wa machozi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Orval Bentz, mkulima wa mahindi. Walisoma pamoja, wakaenda jeshini pamoja. Verlin alimwahidi kwamba Orval akitangulia, atampulizia kuliko alivyowahi kumpulizia mtu. Orval alijibu kwamba Verlin akitangulia, yeye atamletea bia kaburini, kisha atainywa mwenyewe kwa niaba yake.

Orval ndiye aliyetangulia, mwezi wa Oktoba, mavuno yamepamba moto. Asubuhi ya mazishi majirani zake walikuja kanisani na matrekta yao, kila mmoja kwa wakati wake, bila mtu kuwaita. Mjane wake, Maurine, alipoyaona yamejipanga mbele ya kanisa alimwambia mwenye gari la maiti aende zake. Jeneza likapandishwa kwenye tela ambalo Orval alibebea nyasi kavu miaka yote, binti yao Jolene akalivuta kwa trekta la baba yake, na sisi tukafuata nyuma.

Verlin hakuwepo kuyaona hayo. Asubuhi ile pikapu yake iligoma kuwaka, na mpaka apate jirani wa kumsaidia, ibada ilikuwa imekwisha. Akaondoka kwa kasi kuelekea makaburini moja kwa moja, amevaa sare yake ya zamani, tarumbeta kitini pembeni yake. Mbele, kwenye kilima, akayakuta matrekta.

Mimi nilikuwa kwenye trekta la mwisho pamoja na mpwa wangu. Nilisikia honi nyuma yetu, ndefu, ya mtu aliyepandwa na hasira. Baadaye alinieleza kilichomwingia. Aliona matrekta, na ni Oktoba, akawaza alichowaza: hawa wanaenda mashambani. Orval anazikwa leo, na majirani zake hawawezi kuyaacha mahindi hata saa moja. Alikasirika kwa ajili ya Orval, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Akatufikia ubavuni, kioo kimeshushwa.

"Hamna haya nyinyi," alitupigia kelele. "Mtu anazikwa leo, nyinyi mnakimbilia mahindi?"

Nikamwonyesha mbele kwa mikono yote miwili. Akadhani ninamtukana, akanirudishia ishara ya kidole ambayo siwezi kuiandika hapa. Kisha akakanyaga mafuta, akatupita mmoja mmoja, mkono uko kwenye honi, mpaka akalifikia tela.

Jeneza lilikuwa limefunikwa bendera. Maurine alikaa kando yake juu ya robota la nyasi, mkono mmoja juu ya mumewe, na aligeuka kuona ni nani anayempigia honi. Honi ikakatika ghafla.

Barabara ile ni nyembamba na ina mitaro pande zote, asingeweza kurudi nyuma. Nikasema moyoni, atatangulia, atasimama getini, atavua kofia na kutungoja. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Lakini Verlin alilipita geti la makaburi na kuendelea, na kilichobaki kilikuwa vumbi.

Kwa hiyo Orval alizikwa bila tarumbeta. Mchungaji alimaliza sala, kisha tukasimama tu, upepo unatuchapa, kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma ya watu, nikadhani Maurine anamuaga mumewe kwa namna yake. Halafu wanaume wakateremsha jeneza, tukarudi kanisani kula.

Wiki ile mkahawani hakukuwa na hadithi nyingine. Mzee mmoja wa pale mezani alisema Orval hajawahi kupitwa na Verlin kwa lolote, ilibidi afe kwanza. Mwingine akakumbusha habari za dereva wa soda, akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Walicheka, lakini hapakuwa na chuki. Laiti Verlin angeingia asubuhi moja, wangemtania mpaka masikio yawe mekundu, wangemlipia kahawa, na yangekwisha.

Hakuingia. Alianza kununua mkate wake kaunti ya jirani. Msafara mwingine ulipopita, kona ya mahakama ilikuwa tupu, na madereva walipunguza mwendo wakimtafuta kwa macho. Askari mwingine wa zamani alipozikwa, Verlin alikataa kupuliza, ikabidi wapige tarumbeta ya kwenye simu. Nilisimama pale nikiona aibu kwa niaba ya mji mzima.

Mwishowe nilichoka. Alasiri moja nikaenda kwake, nikamkuta amekonda, ndevu hazijanyolewa, mapazia yamefungwa mchana kweupe.

"Ninamwona Maurine akigeuka, Wilda," aliniambia. "Nikifumba macho tu, ninamwona akigeuka."

Nilimwambia anyoe ndevu na achukue kofia. Akanifuata kama mtu anayepelekwa kwa hakimu. Njia nzima garini alikuwa akijifundisha maneno, habari ya pikapu, habari ya matrekta, jinsi alivyodhani wanaenda mashambani.

Maurine alitufungulia mwenyewe. Akamwita shemeji kama kawaida yake, akatukaribisha jikoni, akaleta kahawa na pai ya maboga. Verlin hakukaa. Aliyasema yote akiwa wima, kofia kifuani, macho sakafuni. Alipofika kwenye matrekta, Maurine aliangua kicheko, akasema Orval angelisikia hilo angejikojolea. Honi, alisema, aliisamehe kabla Verlin hajamaliza kumpita.

Verlin akashusha pumzi, akavuta kiti. Mimi nikashika uma, nikijua kazi niliyoijia imekwisha.

"Lakini shemeji," Maurine alisema, "tulikungoja."

Hakupandisha sauti. Alikuwa akikata pai.

"Wanaume walishashika kamba, nikawaambia subirini. Nikamwambia mchungaji, Verlin ameona haya tu, atafika huko mbele, atageuza, atarudi. Namjua. Watu wamesimama kwenye baridi, mimi natazama barabara. Kila nikiona vumbi nasema ndiye huyo. Mpaka Jolene akanishika mkono, akaniambia, mama, haji."

Uso umeumbwa na haya, lakini sijapata kuona uso wa mtu mzima ukiwa vile. Ile aibu ya honi aliyokuja nayo ilikuwa nyepesi, na alikuwa ameiandalia maneno. Hii hakuwa na maneno yake. Nilitamani nitoke nje niwaache.

"Sikwenda mbali," Verlin alisema hatimaye. "Nilisimama pale njia panda, nikazima injini. Niliwaona mmesimama."

"Ulituona?"

"Niliwaona. Na nilijua mnaningoja mimi."

Maurine aliweka kisu mezani. Alimtazama, na sikuweza kujua kama atamfukuza. Kisha akamsogezea sahani.

"Kula, shemeji," alisema. "Na siku yangu ikifika, wahi."