Mtani Aliyenisalimu kwa Adabu

Mwanamke aliyepiga simu waje kunichukua nyumbani kwangu Kwihara, nilikula naye sahani moja tangu tukiwa na mimba za kwanza. Jina lake ninalo, la baba yake ninalo, hata la mbuzi wake aliyenitafunia kanga ninalo. Sitayaandika. Yeye ni Mgogo aliyeolewa huku, mimi Mnyamwezi, na babu zangu walipita kwao na mizigo ya watu kichwani wakienda pwani. Ndiyo maana ni mtani wangu, na utani wetu haukuwa wa kungoja sherehe. Akipita asubuhi na ndoo yake ataniuliza mbona bado napumua, mazishi yangu yanamchelewesha kwenda shamba. Nami humjibu kwamba nitakufaje, wakati najua ataanza kuomba ubwabwa kabla kaburi halijafukiwa.

Tulikuwa na ahadi. Atakayetangulia, mwenzake ataingia kaburini alale, akatae kutoka mpaka wafiwa wamtoe kwa kuku. Nililitegemea jambo hilo kuliko watu wanavyodhani. Nimezika wengi. Msiba usiokuwa na mtani wa kuwachekesha watu kidogo ni mzigo usio na wa kuutua.

Masika ile redio ilikuwa inatangaza ugonjwa wa kutokwa na damu, ulikuwa mkoa mwingine. Mimi nikashikwa na homa, halafu pua ikaanza kuchuruzika damu. Mtani ndiye aliyenikuta nimeegemea ukuta wa jikoni.

"Usimwambie mtu," nikamwambia. "Wataniweka mbali na watu."

"Nimwambie nani? Wakisikia Mnyamwezi anakufa watapika pilau."

Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake mwenyewe, akatoka. Jua halijafika utosini, gari la hospitali likawa uani.

Walioshuka walivaa mavazi yaliyowafunika mpaka macho. Mmoja kwa sauti alikuwa msichana. "Shikamoo, bibi. Mimi ni nesi, nione kama mjukuu wako. Tutakulaza humu, usiogope." Humo alimosema ni kama mfuko mkubwa wa nailoni uliosimamishwa kwa vyuma, unaona nje na walio nje wanakuona, umefungwa kwa zipu, na mashine inanguruma miguuni ikivuta hewa. Ubavuni mwake zimebandikwa glovu ndefu zinazoning'inia kwa ndani, kama mikono iliyokatwa. Mtu wa nje anaingiza mikono yake humo, anakushika bila kukugusa. Vitu vyote vya kunitibia walivipanga humo pamoja nami kabla ya kufunga, kwa sababu zipu ikishafungwa haifunguliwi njiani, hata mgonjwa akifanya nini. Walinifunga mkanda kifuani nisianguke, wakaninyanyua.

Majirani walikuwa wamesimama upande wa mihogo. Nikamtafuta mtani. Nilijua kabisa atakachosema: Mnyamwezi amebeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo yeye ndiye mzigo. Jibu lake nilikuwa nalo tayari mdomoni, pamoja na homa yangu. Alikuwapo. Simu ilikuwa bado mkononi. Walipomuuliza kama ndiye aliyepiga, aliitikia kwa kichwa, akajifunika kanga mdomoni na kutazama chini mpaka nikapita.

Kwa simu ile simlaumu sana. Kuogopa ugonjwa ni haki ya mtu. Ila alinipangusa damu kwanza, akanipa neno lake, ndipo akaenda kupiga. Na nilipopita mbele yake hakunitania.

Barabara ilikuwa mashimo matupu baada ya mvua. Gari lilipodunda shimo moja, matapishi yakanijia, nami nimelala chali, mkanda umenibana. Yakarudi kooni. Nikavuta hewa, hewa hakuna. Nilimwona nesi amechomeka mikono kwenye glovu, ananishika kichwa anakigeuza pembeni, lakini kifua hakigeuki. Alikuwa anapapasa shukani. Pampu ndogo ya mkono, ya kunyonya uchafu kooni, ilikuwa imeteleza mpaka miguuni kwangu, na glovu zake hazifiki huko.

"Simamisha gari," nilimsikia kwa mbali. "Ingia upande wa miguu. Ipo pale kwenye goti."

Mwenzake, kijana wa kiume, akaingiza mikono upande ule. Mikono yake ikaiokota pampu, ikaisukuma juu ya tumbo langu, na mikono ya yule binti ikaipokea. Mikono minne ndani, wenyewe wote nje. Mmoja akafungua mkanda, wakanilaza kwa ubavu. Nesi akaniingiza kidole kinywani kupanua taya apitishe mrija. Nikamuuma. Sikukusudia, meno yalijifunga yenyewe.

"Bibi, usiniume. Glovu ikitoboka tumekwisha wote."

Mwenzake akamwambia atoe mkono. Hakuutoa. Alikiacha kidole chake katikati ya meno yangu, na kwa mkono mwingine akabonyeza pampu, uchafu ukawa unatoka kwa kishindo. Kisha akanibana barakoa ya mpira usoni, kijana akaminya mfuko wa hewa, akaminya, mpaka kifua changu kikakumbuka kazi yake. Kioo cha macho ya yule binti kilikuwa kimejaa ukungu wa jasho. Glovu haikutoboka.

Vipimo vilionyesha malaria kali, ugonjwa ule sikuwa nao. Wakanitoa kwenye chumba cha peke yangu, wakanihamishia wodi ya watu. Nikiwa pale kitandani nilikuwa natunga majibu. Atakapokuja ataniambia nimekaa ndani ya nailoni kama mkate wa dukani. Nitamwambia bora mkate kuliko Mgogo aliyekuja na bakuli kuuomba. Mwanamke wa kitanda cha jirani alinisikia nacheka peke yangu, akamwita nesi. Watoto wangu walikuja, wajukuu wakaja, watu wa msikitini na wa kanisani wakaja. Mtani hakuja.

Nilirudi nyumbani na cheti cha hospitali kwamba sina ugonjwa wowote wa kuambukiza. Mwanangu akamsomea kila aliyetaka kusomewa. Baada ya siku kadhaa ndipo mtani akatokea, akasimama mwanzo wa uwanja, mbali na mkeka wangu.

"Shikamoo, dada," akasema.

Sisi ni rika moja. Shikamoo haikuwahi kupita kati yetu. Nikadhani ndio mwanzo wa utani wenyewe, nikamrushia: "Umekuja kuniangalia, au umekuja kuangalia sufuria zangu?"

"Nimekuja kukupa pole na maradhi. Tunamshukuru Mungu amekujalia uzima."

"Kaa basi, unywe uji."

"Asante, nimekunywa. Nina haraka kidogo."

Akaweka mfuko wa unga chini, pale pale aliposimama, akarudi nyuma hatua mbili kabla ya kugeuka. Unga ule tuliula. Ulikuwa mzuri.

Tangu hapo ananiheshimu. Tukikutana kisimani ananipisha. Majirani husema wale mabibi siku hizi wametulia, utu uzima umewaingia.

Juzi tulikuwa na msiba, amefariki mzee wa ukoo wetu. Mtani alikuja na vurugu zake zote. Amejifunga suruali ya marehemu, anadai alipwe kwa kuulinda mzigo ambao babu zetu waliuangusha Ugogo, anawanyang'anya wajukuu sahani za chakula. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Alipita safu yetu ya wafiwa mmoja mmoja, anamvuta huyu kilemba, anamtukana yule. Niliweka kanga yangu begani kwa ulegevu, aichukue kirahisi. Akafika kwangu, akaacha kucheka, akaipangusa suruali ile mavumbi.

"Pole na msiba, dada," akasema taratibu.

Kisha akamrukia aliyekaa upande wangu wa pili.