Kata ya Mayu Iliyomeguka

Siku moja haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa mke wa mwezi mmoja tu kule Lingeka, nimetoka Bariadi mjini na maringo tele, na kupika kwenyewe sikujui. Mama mkwe wangu, niliyemwita mayu kama Wasukuma tunavyowaita mama zetu, alipimia maji ya kupikia kwa kata ya kibuyu, nyeusi kwa moshi, imemeguka mdomo. Niliionea aibu. Asubuhi majirani walipokuja kutusaidia kuchuma pamba, nikaitia motoni, nikatoa kopo langu jipya la plastiki. Kopo hilo lilibeba karibu kata mbili, lakini nani angeniambia?

"Mayu, wali wa leo maji kata ngapi?"

"Kumi na mbili," akajibu kutoka uani.

Nikapima makopo kumi na mawili. Basi ule haukuwa wali, ulikuwa bokoboko! Majirani wakala kwa adabu zao, nami natamani ardhi ipasuke.

Mayu hakunigombeza. Aliuliza tu kata yake iko wapi. Nilipomwambia, akakaa chini polepole.

"Macho yangu yaliniacha siku nyingi, mwanangu, sikutaka mjue. Kidole changu kilikaa pale ilipomeguka. Maji yakikigusa, najua yametosha. Sasa nitapikaje?"

Usitupe mbachao kwa msala upitao, nami nilikuwa nimeutupa. Nilimletea kata tatu kutoka mnadani. Kila moja aliipapasa mdomo, akanirudishia, akashukuru. Hakupika tena, hadi tukamzika.

Leo wajukuu wananipikia kwa jagi lenye mistari ya kupimia, na wanapika vizuri, siwanyimi sifa. Lakini ninautamani wali wa mayu, ule mkavu wenye ukoko mwembamba. Namkumbuka na yeye mwenyewe, ameinama juu ya mtungi, anahesabu kata zake kwa sauti ndogo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiingia jiko la mwenzio, uliza kwanza kipimo chake, maana kata ya huku siyo kata ya kule. Na kabla hujatupa kitu kikuukuu cha mzee, muulize kinamsaidia nini. Mungu akupe chungu kisichokauka, na mtu mzima wa kumuuliza, nawe umuulize angali yupo.