Mjomba Ndiye Mtunza Ghala

Usiku ule sikulala. Binti yangu Careen, anayesomea uhasibu, alikuwa anamaliza mwaka wa mafunzo kwa wakaguzi kule Masasi, na siku hiyo walikuja kukagua ghala la korosho la kijiji chetu, huku Newala. Mtunza ghala ni kaka yangu Silvesta. Simu ya Careen ilikuwa imezimwa.

Alfajiri Careen akaingia kutoka ghalani, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Magunia ya mjomba, juu korosho, chini mchanga."

Nikakaa palepale sakafuni.

"Hukuwaambia ni mjomba wako?"

"Niliwaambia kabla hatujaanza. Bosi wangu si mtu wa huku, akacheka. 'Mjomba tu? Angekuwa baba yako ningekuondoa.' Akanipa mimi kisu cha kufungulia magunia."

Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Silvesta ndiye aliyegharamia unyago wa Careen, na ndiye aliyempeleka shule, baba yake alipotuacha.

"Mjomba alikuwa wapi?"

"Pale pale. Ameshika tochi, ananimulikia."

Nikajifunga kanga, tukaenda kwake. Nilitaka aseme neno lolote, hata atutukane, ili mwanangu asibaki bila mjomba.

"Hodi, kaka. Ni sisi."

Ndani redio ilikuwa inasoma habari. Ikazimwa. Tukasimama mpaka majirani wakaanza kupita na ndoo za maji, wakitusalimia na kutuangalia. Mlango haukufunguliwa.