Chepngeno wa Kabazi, Aliyeonja Kwanza

Alizaliwa Kabazi mwaka 1958, binti wa mkamuaji katika shamba la mzungu mmoja, akabatizwa Perpetua, ingawa sote tulimwita Chepngeno. Alifiwa na mume mapema, akabaki na ng'ombe wawili na mwana mmoja, Kipkirui, ambaye mimi katekista ninayeandika haya nilimsimamia ubatizo. Mwaka 2011 jirani yao Kipkemei, akiwa amelewa, alimgonga Kipkirui kwa trekta, akafa palepale. Mashahidi hawakutokea, kesi ikaisha hivyo tu.

Miaka miwili baadaye Kipkemei alipooza upande mmoja na mkewe akarudi kwao. Ndipo Chepngeno alipoanza kumpelekea mursik, maziwa yetu ya mgando, kila asubuhi, huku akitabasamu. Kigango kizima kikasema huyu ni mtakatifu. Mimi sikusema. Nimezaliwa mtu wa kushuku, na kikulacho ki nguoni mwako. Mama gani humlisha aliyemuua mwanawe huku anacheka? Nikawa napita pale makusudi. Ee, hata dirishani nilichungulia, Mungu anisamehe. Alimimina kikombeni, akaonja yeye kwanza, kama desturi yetu inavyomtaka mtoaji aonyeshe hakuna ubaya, kisha akamnywesha. Lakini akishatoka mlangoni uso ulikunjamana, na alitema mate. Hilo nililiona mara nyingi.

Miaka ikapita, watu wakahesabu maajabu. Ng'ombe wake walikamuliwa kiangazi chote wa wengine wakikauka. Mimi nilisema ana nyasi za mtoni. Kipkemei aliyepewa miezi sita na daktari alikuwa bado hai.

Machi 2024 Chepngeno alilala mahututi, akaniita. Nilikwenda na karatasi, maana paroko alitaka maisha yake yaandikwe yasomwe kanisani. Nikamuuliza alimsamehe Kipkemei siku gani, niweke tarehe.

"Andika hakuna," akasema. "Kila asubuhi nilitaka afe. Dawa ya kupe iko pale juu ya kabati, mwalimu. Nilikuwa naiangalia nikitikisa kibuyu."

Nikauliza kwa nini basi alikwenda. Akasema mtu alikuwa na njaa na hakuna mwingine aliyekwenda. Nikamkumbusha kwamba alikuwa akionja.

"Ndiyo sababu nilionja. Nikijua nitakunywa mimi kwanza, mkono haungethubutu."

Alifariki siku ya tatu, akazikwa kando ya mwanawe. Nililia, nami si mtu wa kulia. Nilimshuku miaka kumi na moja, na sikukosea. Sikujua tu kwamba yeye alijishuku kuliko nilivyomshuku mimi.

Leo jumuiya humpelekea Kipkemei maziwa kwa zamu. Zamu yangu ni Alhamisi. Kipkirui nilimbeba kwa mikono hii hadi kisimani pa ubatizo, na Kipkemei simpendi hata kidogo. Basi anayetaka kumfuata Chepngeno asingoje moyo wake utakate ndipo aende. Aende tu. Mimi nikifika humimina, na kabla ya kumpa hunywa nusu kikombe.